Kidole kimoja, hamri mkononi: leo nimedhalilishwa ofisini na sijala mpaka sasa

MhasibuWaGatini

Watu wa Amu, leo sina adabu, mtanisamehe. Yule bwana nyote mwamjua. Simtaji. Yule wa miwani inayokaa utosini badala ya machoni, ambaye hata ukimwambia nyumba yaungua atakujibu "ni kitu kidogo tu hicho". Huyo huyo.

Asubuhi kaingia ofisini. Hakusalimu. Hakukaa. Ana hamri mkono wa kulia, akalihamishia mkono wa kushoto AKAENDELEA KULITAFUNA, akanyoosha kidole kimoja, akabonyeza Refresh All, kile kitufe cha kuvuta data upya, kwenye laptopu yangu. Kilo zote zikajaa. Akageukia mlangoni, mbele ya wavuvi saba na karani aliyeanza kazi jana, akasema: "Ulikuwa hujabonyeza tu, mzee."

Hujabonyeza. Tu. Mzee. Mimi arubaini sijafika!

Kwa msiojua kazi yangu: vijana wa Kizingitini wakishapima samaki na pweza, hujaza kilo kwa simu kwenye faili la Google Sheets. Mimi huku nalipa watu kwa Excel iliyo kwenye laptopu, maana intaneti yetu ni kama mgeni wa harusi, huja kwenye pilau akaondoka kabla ya vyombo. Basi nikaziunga. Data, From Web, nikabandika linki. Mara ya kwanza nilibandika ile linki ya kawaida ya kushirikiana, badala ya kilo nikaletewa takataka za ukurasa. Siku mbili nahangaika! Mpaka nikajifunza kufuta pale mwisho palipoandikwa edit, nikaweka export?format=csv. Mwenyewe. Sikufundishwa na mtu. Miezi mitatu kilo zikawa zaja zenyewe kama maji ya bamvua.

Wiki mbili zilizopita, kwisha. Kila nikibonyeza, naambiwa safu ya "Kilo" haikuonekana. Na nimebonyeza mimi! Nimebonyeza kabla ya swala na baada ya swala. Nimebonyeza mpaka punda wa jirani akisikia ule mlio anaondoka mwenyewe. Wiki mbili vijana wananisomea kilo kwa simu na upepo wa kusi unavuma, mtu akisema "kumi na mbili" mimi nasikia "kumi na mbivu". Nimemlipa mvuvi mmoja pweza wa mwenzake, mpaka leo hawasalimiani.

Halafu aje mtu na hamri. Kidole kimoja. Bila kukaa. Kipanya changu kinateleza mafuta mpaka dakika hii.

PopoWaShela

Kwa kifupi, hukubonyeza.

MhasibuWaGatini

NILIBONYEZA.

BintiMkomani

Mimi nina swali moja. Alikula kwa mkono wa kushoto kweli? Maana hapo ndipo penye kesi. Hayo ya Excel mwachie Mungu.

MhasibuWaGatini

Wallahi kwa kushoto. Na alitafuna huku anaongea.

KijanaWaData

Bro unajisumbua bure. Tumia IMPORTRANGE, mstari mmoja tu, maisha yanaendelea.

MhasibuWaGatini

Nimeiweka sasa hivi, Excel imeniandikia #NAME? Yaani hata haimjui huyo.

FundiMtulivu

IMPORTRANGE ni ya Google Sheets kwenda Google Sheets nyingine, kwenye Excel haipo. Msimpandishe mtu presha. Mleta uzi, ukiambiwa safu haikuonekana, tatizo si kubonyeza. Excel hukumbuka jina la safu herufi kwa herufi. Mtu akiligusa jina lile kule mtandaoni, huku kwako kila kitu kinasimama, na ubonyeze mpaka kesho. Fungua faili la mtandaoni, angalia historia ya matoleo. Kama una ruhusa ya kuhariri utaona nani kagusa nini, na saa ngapi.

PopoWaShela

Ngoja kwanza. Yaani wiki mbili nzima unasomewa kilo kwa simu na faili lenyewe hukulifungua hata mara moja?

MhasibuWaGatini

Ndiyo maana ya kuunga linki! NISILIFUNGUE!

PopoWaShela

🤣🤣🤣 Nimeanguka barazani. Karani mpya aliyaona yote haya?

MhasibuWaGatini

Alicheka. Akajifanya anakohoa.

NahodhaMstaafu

Mwanangu, yeo umenipa raha na uzee huu. Sisi kilo tulikuwa tukiandika ukutani kwa mkaa. Ukuta haukutaka kubonyezwa.

PopoWaShela

Na ukuta ukipakwa chokaa je, nahodha?

NahodhaMstaafu

Deni limesamehewa.

ShangaziMalindi

Nyinyi wa Lamu mnadekezwa, mnalia kwa sababu ya kubonyezewa. Ngojeni mimi niwaambie ya huku Malindi. Naweka hesabu za nyumba ya wageni, vyumba vinawekwa kwenye faili la mtandaoni, mimi navivuta kwenye laptopu hivyo hivyo mnavyosema. Kumbe laptopu yangu imepangwa kimarekani, mwezi mbele siku nyuma! Mgeni wa 4/3 nikamtayarishia chumba tarehe 3 Aprili. Mtu kafika tarehe 4 Machi, Mtaliano, masanduku matatu, ananitazama namtazama, chumba kina familia ya watu sita. Tarehe zilizozidi 12 zina heshima, zinatoa Error ujue kuna jambo. Hizi za 12 kushuka chini ni wanafiki, zinageuka kimya kimya na kukuchekea.

FundiMtulivu

Shangazi, ingia Power Query, pale ndani ya Excel panaponyooshwa data iliyovutwa, bonyeza kulia kwenye kichwa cha safu ya tarehe, Change Type, halafu Using Locale, uchague Date na Uingereza. Na mleta uzi, ukishamaliza kulia, kwenye Properties za hiyo linki weka alama ijirifreshi kila unapofungua faili, au kila baada ya dakika kadhaa. Hutahitaji kidole cha mtu.

KijanaWaData

Kwani haya mambo si yana programu yake siku hizi?

BintiMkomani

Nyamaza wewe, umeshatuletea IMPORTRANGE. Narudi kwenye hamri. Lilinunuliwa wapi? Maana kama ni hayo ya nyuma ya soko, siku hizi ni hewa tupu. Ukiliuma wajiuma ulimi. Iliki wanaipitisha juu ya unga ikaage tu, kisha wanairudisha kabatini.

NahodhaMstaafu

Na nazi hawatii. Wanaweka maji. Hamri la maji!

PopoWaShela

Msiwaonee wanawake wa watu, nazi imepanda bei. Mimi malalamiko yangu ni mbaazi. Siku hizi unapewa rojo, mbaazi zenyewe unazihesabu kwa macho.

NahodhaMstaafu

Mato yangu hayaoni vyema, lakini hata mimi nilizihesabu. Kumi na moja.

MhasibuWaGatini

JAMANI. JAMANI. Nimefungua historia. Wiki mbili nyuma, jina la yule bwana wa hamri hapo kwa rangi ya zambarau: kaifuta "Kilo" kaandika "Kilo kwa KG". KILO KWA KG! Kuna kilo nyingine? Kilo kwa mita? Haya. Leo asubuhi, saa mbili na dakika hamsini na moja, YEYE YEYE, kairudisha "Kilo". Na ofisini kwangu kaingia saa tatu kasoro dakika tano, naikumbuka kwa sababu nilikuwa nangoja boti ya Mokowe. Dakika nne! Kaitengeneza kwa simu akiwa njiani, pengine hapo hapo kwenye foleni ya mahamri, kisha kaja kunyoosha kidole kama anafufua maiti. "Ulikuwa hujabonyeza tu."

Na nyie hamjui lililo baya zaidi, sikuliandika pale juu. Nilimwambia ahsante. Mbele ya wavuvi saba. Nilisimama, nikamwambia ahsante sana.

ShangaziMalindi

Fundi, Mungu akupe. Nimefanya hiyo ya Uingereza, tarehe zimekaa sawa zote. Mtaliano ndiye hajarudi.

KijanaWaData

Fundi, na mimi yangu inaleta tarehe kama namba, 45 elfu na kitu. Hiyo ni nini?

FundiMtulivu

Ndiyo tarehe yenyewe, Excel huhesabu siku kuanzia mwaka 1900. Badilisha mtindo wa seli tu.

BintiMkomani

Wa tarehe fungueni uzi wenu. Nahodha, hizo mbaazi kumi na moja ulikula wapi?

MhasibuWaGatini

Wenzangu, mmeisoma ya dakika nne?

PopoWaShela

Tumeisoma, pole sana. Samahani kidogo: lile hamri lilikuwa la pembe tatu au la duara?

MhasibuWaGatini

La pembe tatu.

PopoWaShela

Basi si la nyuma ya soko. Wale hukata duara.

BintiMkomani

Tangu lini? Jana nimenunua pembe tatu pale pale.