Tairi la mbele kushoto linachemka, lori linavuta upande mmoja

MamaAlizeti
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Nina lori dogo la tani tatu na nusu, breki za diski mbele, za ngoma nyuma. Linabeba alizeti za Kibaigwa na viazi vya Iringa. Siku hizi dereva akishuka Nyang'oro akafika Mtera, tairi la mbele kushoto linakuwa la moto hata ringi haigusiki, breki zinanuka kuungua na usukani unavuta kushoto. Akipumzika linaachia, anaendelea hadi Dodoma kama hakuna kitu. Fundi wetu, bila hata kupiga jeki, kasema kaliper, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, imekufa ninunue mpya. Amejuaje?

UtingoMstaafu
Pole mama. Anza na pini ambazo kaliper inatelezea, vumbi la huku linatoboa vile vifuniko vyake vya mpira. Vua tairi uangalie pedi. Ya ndani ikiwa imekwisha na ya nje bado nene, pini zimekauka, kaliper haitelezi. Safisha, paka grisi ya breki, umemaliza.

FundiChang'ombe
Utingo, pedi aziangalie, sawa, lakini pini iliyokauka haiponi kwa kupumzika Mtera. Mama kasema mwenyewe, likipoa linaachia. Mimi namshuku mpira wa breki, ule unaotoka kwenye bomba la chuma kwenda kaliper. Ukizeeka unavimba kwa ndani, nje unauona mzima kabisa. Mguu wa dereva una nguvu za kusukuma mafuta yapite. Kurudi je? Kinachoyarudisha ni ile sili, mpira wa duara unaozunguka pistoni inayosukuma pedi, inayojivuta kidogo tu, basi. Mafuta yananasa, pedi zinasugua, moto unapanda, mafuta yanatanuka na kukaza zaidi.

Mama, lori lifanyiwe kipimo likiwa limeshika, sio asubuhi likiwa limepoa. Wekeni mawe kwenye matairi ya nyuma, pigeni jeki, mbele pasimame kwenye stendi. Zungusheni tairi kwa mkono. Likigoma, legezeni kwanza nati ya juu, pale bomba la chuma linapoungana na mpira. Tairi likiachia hapo, tatizo lipo juu, huenda masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali ya breki. Lisipoachia, ndipo mfungue nipeli ya kutolea upepo kwenye kaliper. Mafuta yakiruka na tairi likawa jepesi, ni mpira. Ukifungua na bado limeng'ang'ania, hapo fundi wako kasema kweli: pistoni imeshika kutu, au pini za Utingo.

Huo mpangilio msiugeuze. Wengi wanakimbilia nipeli, presha yote inatoka, halafu hawajui ilikuwa imenasa wapi. Na tafadhali asimwagie diski maji ikiwa ya moto, itapasuka.

Kijana_wa_Bahi
Mzee wangu, kama ni masta silinda si tairi zote mbili za mbele zingeshika?

FundiChang'ombe
Kwa kawaida ndiyo, mwanangu. Ndiyo maana simpi nafasi kubwa. Ila nati ile kulegeza haigharimu kitu.

MamaAlizeti
Nimerudi. Nilisimama mwenyewe gereji. Nati ya juu imelegezwa, tairi halijasogea. Nipeli imefunguliwa, mafuta meusi yameruka hadi kwenye kanzu ya fundi, tairi likazunguka kwa kidole! Fundi kanyamaza. Niweke mpira upande mmoja au yote miwili? Na pedi za kushoto zimekuwa ngumu, zinang'aa kama kioo.

FundiChang'ombe
Miwili, dada yangu, ina umri mmoja. Pedi badili kushoto na kulia, usichanganye mpya na kuukuu. Mafuta toa yote, weka ya daraja lililoandikwa kwenye kifuniko cha kopo la breki, halafu toeni upepo. Wakivua kaliper waifunge kwa waya, isining'inie kwenye mpira mpya. Wasioshe kwa petroli wala dizeli, sili zitavimba. Pini zipake grisi, Utingo afurahi.

Kitu kimoja bado: moto wote huo ulipita kwenye habu, kitovu cha gurudumu chenye beringi. Mfungue muone grisi ya beringi. Ikiwa imeyeyuka inachuruzika, beringi zioshwe zikaguliwe, sili ya habu ibadilishwe, grisi iwe mpya, ndipo mpakie alizeti.

UtingoMstaafu
Nimefurahi.