Naomba ushauri: mti mkubwa nyuma ya nyumba, ni mjozi mweusi (walnati)?

MamaZawadi: Ndugu zangu, habari zenu. Tumehamia nyumba yenye uwanja hapa Columbus, Ohio. Karibu na uzio kuna mti mrefu. Nyanya nilizopanda chini yake zinanyauka ingawa nazimwagilia, lakini mahindi na maharage ya palepale yanastawi. Jirani anasema ni mjozi. Shemeji anasema ni gugu tu, tuukate. Nitahakikishaje? Watoto wanatamani kuotesha mingine.

BabuShamba: Usikate kwanza, mama. Nyanya zimeshakupa nusu ya jibu. Mizizi, majani na maganda ya mjozi mweusi yana kemikali iitwayo jugloni. Nyanya, pilipili, bilinganya na viazi mviringo haviiwezi. Mahindi, maharage, vitunguu na karoti huivumilia. Sasa tazama jani: kikonyo kirefu chenye vijani 15 hadi 23 pande mbili, na kile cha nchani mara nyingi hakipo. Kisha pasua kitawi kwa urefu. Ukiona ndani vyumba vidogovidogo vilivyopangana kama ngazi, ni jamii ya mjozi. Gome la mti mkubwa ni jeusi, lenye mifereji mirefu.

KakaDayton: Shemeji naye asilaumiwe. Kuna ailanto, mti uliotoka China, majani yanafanana sana. Lakini gome lake ni laini, jani ukilifikicha linanuka vibaya, na mbegu zina mabawa. Huo ndio wa kuondoa.

MamaZawadi: Nimepasua kitawi, vyumba vipo! Na chini nimeokota kokwa nyeusi za mwaka jana. Asanteni sana. Nyanya nizipeleke wapi?

BabuShamba: Mita 15 au zaidi kutoka shinani, maana mizizi inatambaa mbali. Nafasi ikikosekana, panda kwenye vyungu, pasipoangukia majani yake.

DadaRehema: Kuhusu kuotesha, subiri Oktoba. Okoteni matunda, mvue ganda la kijani mkiwa na glavu, kwani rangi yake haitoki mikononi upesi. Tia kokwa kwenye ndoo ya maji, zinazoelea tupa. Zinazozama zifukie sentimita 5, mahali mti utakapokaa moja kwa moja, kwa sababu mzizi mkuu hushuka haraka na mche haupendi kuhamishwa. Baridi ya miezi 3 hadi 4 ndiyo huziamsha. Funika kwa wavu wa waya, la sivyo kindi watazifukua zote. Na iwe mbali na nyumba na bustani: mti huu hufikia mita 30.

MamaZawadi: Wavu nanunua Jumamosi. Shemeji ameshakubali mti ubaki.