Boila inamaliza pauni 20 kabla ya siku ya tatu: niiache iwake kutwa au niwashe kwa saa?

Sufuria Nzito: Wadau mlioko Ulaya, poleni na baridi. Nipo Leicester, nyumba ya kupanga, zile za matofali za zamani zilizobanana ukuta kwa ukuta. Gesi natumia mita ya kulipia kabla, kama LUKU yetu. Naweka pauni 20, siku ya tatu haifiki. Swali moja tu: boila, ile mashine ya gesi inayopasha joto nyumba na maji ya bomba, iwake kutwa kwa moto mdogo, au asubuhi na jioni?

Mzee wa Reli: Washa unapohitaji. Nyumba ni ndoo iliyotoboka, ukiijaza zaidi inavuja zaidi. Themostati, kile kidude cha kupangia joto la nyumba, weka 18 au 19. Wanaopandisha hadi 30 eti nyumba iwahi kupata moto wanajidanganya.

Fundi Bomba: Maji ya kwenda kwenye hita za ukutani yamesetiwa joto gani? Wengi wanaacha 75 au 80 kama walivyoikuta. Shusha hadi 60, hata 55. Boila za siku hizi hunasa joto la ule mvuke unaotoka nje, ila mpaka maji yarudi yamepoa, chini ya 55. Halafu gusa hita: juu baridi chini moto, kuna hewa. Zima, ingiza kile kifunguo kidogo, tega kitambaa, isikilize ifanye ssss mpaka maji yatoke.

Mama Swaumu: Mimi mwaka wangu wa kwanza Coventry nilikuwa naanika nguo juu ya hita, madirisha yote nimefunga. Ukuta ukaota ukungu mweusi, mume wangu akaanza kumtaja shangazi yake wa Handeni. Kumbe ni unyevu tu. Kaka, themostati yako imewekwa ngapi?

Sufuria Nzito: 28.

Mzee wa Reli: Unaangua vifaranga?

Sufuria Nzito: Si mimi. Kuna mgeni.

Mama Swaumu: Mgeni gani anashika themostati ya watu?

Sufuria Nzito: Mama mkwe. Katoka Tanga kuja kumlea mzazi, mtoto ana siku 24. Sasa mimi namwambiaje apunguze? Juzi nimetoa betri za themostati, nikasema boila imeharibika. Msinihukumu, mita ilibaki peni 60.

Kaka wa Kitaa: Angetoka Makete angekuwa amekaa na kaushi 😂 Mtafutie jiko la mkaa.

Mama Swaumu: Usitanie hivyo. Mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa unaua watu usingizini, hewa yake haina hata harufu. Na wewe kaka, chumba cha kichanga kinatakiwa 16 hadi 20. 28 imezidi, lakini betri mfukoni na mzazi bado yuko kwenye arobaini? Mwambie mkeo aongee na mama yake.

Sufuria Nzito: Mke hajui habari za betri. Na humu ndani ni 15, si mbaya kivile, tunavaa masweta. Shida mama anauliza mbona maji ya kumkandia mzazi bado ya moto. Nimemwambia hiyo ni mashine nyingine.

Jicho la Tatu: Chai. Huyu huyu mwezi wa tisa alifungua uzi anatafuta chumba Tabata, bajeti elfu 80, "sina familia". Leo ana mke, kichanga na boila?

Sufuria Nzito: Akaunti tulikuwa tunatumia na mdogo wangu.

Jicho la Tatu: Siku ya kukamatwa kila mtu ana mdogo wake. Tupia picha ya boila.

Sufuria Nzito: [picha] Haya. Na hita zote saba nimezitoa hewa mchana kama Fundi alivyosema. Maji meusi kama wino.

Jicho la Tatu: Picha hata mimi naipata Google.

Fundi Bomba: Subirini. Mkuu, geji ya presha ya maji inasoma 0.4. Ulipomaliza kutoa hewa ulijaza maji?

Sufuria Nzito: Hukusema nijaze.

Fundi Bomba: Hapo umenikamata. Inatakiwa kati ya 1 na 1.5. Rudisha betri uone.

Sufuria Nzito: Nimerudisha. Haiwaki.

Kaka wa Kitaa: Basi hukumdanganya mama, uliwahisha taarifa tu 😂😂

Fundi Bomba: Chini ya boila kuna mpira wa chuma wenye koki. Fungua taratibu, geji ikigusa 1.2 funga.

Sufuria Nzito: Ziko mbili, naanza na ipi? Maji yamekuwa baridi na mama yuko bafuni, anaita "baba, baba".