Naomba ushauri: pikipiki kutoka Japani, ifungwe kwenye sanduku la mbao au ichangie kontena?

Tairi_Mbili (mleta uzi):
Wakuu, heshima kwenu. Nimepata Honda CB400 Super Four iliyoko Japani, ya 1996, nyekundu, yenye VTEC, ule mfumo wa valvu wa Honda. Ni ya kutembelea mwenyewe, siyo ya biashara. Muuzaji kanipa njia mbili: ifungwe kwenye sanduku lake peke yake, au iingie kontena moja na mizigo ya watu. Ipi salama? Meli inaondoka Ijumaa na usingizi sipati, naombeni majibu ya haraka.

Spana_14:
Sanduku, mkuu. Gurudumu la mbele linatolewa, usukani unalazwa, petroli inamwagwa yote kwenye tangi na kwenye kabureta, waya za betri zinachomolewa. Yangu ilikuja imefungwa mikanda tu. Ilifika na kioo kimoja na tangi limebonyea kiasi cha kuingia ngumi. Nilikaa chini pale pale bohari nikalishika lile tangi kama mtoto aliyeanguka.

DadaMwendo:
Sanduku baadaye, kwanza forodha. Injini ya cc 399 inaingia kifungu 8711.30, zile za zaidi ya 250 hadi 500. Nenda kwa wakala wa forodha wa nchi yako na namba hiyo, akupigie hesabu ya ushuru na akwambie kama kuna ukomo wa umri wa chombo. Halafu bei uliyopewa ni FOB, yaani mpaka kupakiwa melini tu, au CIF? Kama ni CIF, nauli na bima zimo mpaka bandarini kwako, ila ushuru na gharama za bandari ni juu yako. Na bima ya CIF kwa kawaida ni ile ya chini kabisa, mikwaruzo na wizi havimo.

Baba_Watatu:
Mdogo wangu, nimezika marafiki wawili kwa sababu ya pikipiki. Hela hiyo ongezea kidogo ununue gari, watoto wakae ndani.

Spana_14:
Baba_Watatu, kaomba ushauri wa sanduku wewe unamletea jeneza. Mwache kijana.

WakalaMstaafu:
Mleta uzi, mbona umeruka mambo? Muuzaji ni kampuni au mtu binafsi? Cheti cha kufutiwa usajili umekiona? Umeshalipa?

Tairi_Mbili:
Cheti kipo, kanitumia picha. Ni mtu binafsi, ila tumeongea miezi mitatu, tunajuana.

WakalaMstaafu:
Swali la tatu hujajibu.

Tairi_Mbili:
Nimelipa asilimia 70. Kwenye akaunti ya shemeji yake, maana ya kwake ina tatizo. Najua mtasema, lakini kulikuwa na mteja mwingine anaitaka na bei ilikuwa nzuri mno. Iliyobaki inatakiwa kabla ya Ijumaa. Huyu mtu ni mstaarabu wakuu, hata hali ya mama yangu huwa anauliza.

DadaMwendo:
Asilimia 70, kwa shemeji! Na hati ya shehena, ile ya kutolea mzigo bandarini, itaandikwa jina la nani? Mimi hati halisi zilichelewa kunifikia wiki tatu. Mzigo nauona kwa macho, kuutoa siwezi, na tozo ya kuhifadhi inahesabiwa kila siku. Nililipa hiyo tozo mpaka nikaichukia ile pikipiki kabla sijaiwasha.

Nyundo77:
Jamani, hii ni chai. CB400 Super Four ya 1996 yenye VTEC haipo duniani. Ya miaka hiyo ni toleo la NC31, valvu zote 16 zinafanya kazi muda wote. VTEC ilikuja na NC39 mwaka 1999: mizunguko ikiwa chini, kila silinda inatumia valvu mbili, ikipanda ndipo nne zinafunguka. Mleta uzi katunga, kakosea mwaka. Tusimpotezee muda.

Baba_Watatu:
Kumbe! Na mimi nimeshaanza kumwombea.

Tairi_Mbili:
Wallahi situngi. Mwaka nimeutoa kwenye cheti, kimeandikwa Heisei 8, mwaka wa kalenda ya Kijapani, nikahesabu nikapata 1996. VTEC kaniandikia yeye mwenyewe, na video ya injini ikiunguruma ninayo. Nitunge ili nipate nini?

WakalaMstaafu:
Heisei 8 ni 1996, hapo hajakosea. Basi tusimwite mwongo bado. Kijana, namba ya chesisi ipo kwenye shingo ya usukani, imegongwa kwenye chuma. Una picha yake?

Tairi_Mbili:
Ninayo, subirini niikuze.
Kwenye chuma inaanza NC39.

WakalaMstaafu:
Na kwenye cheti?

Tairi_Mbili:
NC31.

Nyundo77:
Ndugu yangu, nisamehe. Nilikuita mtunzi.

WakalaMstaafu:
Cheti hicho ni cha pikipiki nyingine. Unayoonyeshwa ni ya 1999 au baadaye, na karatasi zake hujui ziko wapi wala kwa nini hazionyeshwi. Ikifika forodha, jambo la kwanza wanalinganisha namba ya chuma na ya karatasi. Zikipishana haitoki, na utaulizwa wewe.

Tairi_Mbili:
Labda kachanganya karatasi, anauza nyingi. Nikimalizia hela si atanitumia ya kweli?

DadaMwendo:
Mdogo wangu, anauza nyingi na akaunti hana? Mwombe video sasa hivi, kamera ianze kwenye shingo ya usukani iende mpaka kwenye cheti bila kukatwa.

Tairi_Mbili:
Nimemwomba. Kasema pikipiki iko mbali, ila nikilipa leo atanipunguzia nusu ya kilichobaki.

Spana_14:
Sasa sanduku la nini tena.

Tairi_Mbili:
Niko foleni benki. Nataka niulize kama ile hela ya kwanza inaweza kuzuiwa, ina siku tisa tangu niitume. Mikono inatetemeka hata kuandika.

WakalaMstaafu:
Waonyeshe risiti, picha ya shingo na picha ya cheti, zote tatu. Waambie ni utapeli, usiseme mmekosana kibiashara. Yeye usimjibu kitu mpaka umetoka hapo.