Nauza kaa, halafu naambiwa "kaa chini" mbele ya ukumbi mzima!!!

Wana jukwaa, mkono watetemeka. Jina silitaji, nyote mwamjua. Yule wa miwani ya jua ndani ya nyumba. Ameshuka boti hapa Lamu kutoka Mokowe, dakika chache tu, akaingia na laifujaketi mpaka ukumbini kama kwamba bahari itamfuata.

Tuliitwa leo asubuhi, mkutano wa "ushirikiano wa majirani: nishati, usalama na mageuzi". Andazi moja kwa kila kichwa, la pili waulizwa kitambulisho. Akaanza: umeme wa Ethiopia washuka Suswa, huko bara, kwa laini ya kilomita 1,045, megawati 200 tulianza kununua Novemba 2022, na Tanzania nako tushaunganishwa. Ukutani ramani imejaa mishale. Lamu mshale umepita juu kwa juu.

Hapo stima ikakatika. Wallahi sitii chumvi. Projekta kimya, feni imeganda, jasho lamtiririka ndani ya laifujaketi.

Nikainua mkono kwa adabu zangu zote. "Mheshimiwa, huu wa Ethiopia umekwama wapi? Friza yangu ina kaa kilo arubaini."

Akanitazama utosini hadi kwenye ndara. "Kaa chini. Haya ni mambo ya kimataifa, si ya kaa."

KAA CHINI. Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Mama wa maandazi alicheka mpaka akaketi juu ya sinia.

Mimi! Tarehe 2 Machi 2012 nilikuwa Magogoni hapa hapa Lamu, Kibaki, Meles Zenawi na Salva Kiir wakizindua bandari na barabara za kutuunganisha na Ethiopia na Sudan Kusini. Jua lilinipasua kichwa kwa ajili ya umataifa huo. Siku ile hakuna aliyeniambia nikae, viti havikutosha. Na kaa wangu watoka Kiunga, pua na mdomo na Somalia. Ujirani sisi twaujua kabla yeye hajajua kufunga tai.

Kaa chini! Sijala tangu asubuhi.

Punda wa Langoni: Swali moja tu. Ulikaa au hukukaa?

Mwenye uzi: Nilikaa. Lakini kwa hasira.

Punda wa Langoni: Bwana Kaa kakaa 😂😂

Dau la Babu: Kilo arubaini? Juzi nimekuja na pesa mkononi ukaniambia huna hata gando.

Mwenye uzi: Tusitoke kwenye mada. Ameniambia KAA CHINI.

Malindi Kwetu: Nyinyi watu wa Lamu mwapenda kudeka. Laini yenu yatoka Rabai yapita kwetu, sisi tukizimika nanyi mwazimika, wala hatujawahi kusikia ahsante. Mimi jana nimetia tokeni za mia mbili, zimeisha uji haujachemka.

Kofia Sita: Umeme si shida. Shida ni usalama. Mwezi Mei 2023 walisema mpaka na Somalia wafunguliwa, Kiunga nako, Julai wakaahirisha. Mimi ndani ya basi la Garsen nangoja askari wa kutusindikiza mpaka makalio yamekufa ganzi. Wewe umeambiwa ukae dakika mbili walia.

Tanga Raha: Shikamooni majirani. Ule ushirikiano wa Waganda mlioungoja ulihamia kwetu 2016. Bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443, Hoima mpaka Chongoleani. Karibuni mpige picha.

Dau la Babu: Marahaba, na bomba lako ulilalie.

Kijana wa Mkomani: Tungekubali ile mitambo ya makaa ya mawe, megawati 1,050, leo friza zenu zingeganda mpaka mlango.

Punda wa Langoni: Wewe? Leseni ilipofutwa Juni 2019 ulipiga vigelegele kuliko bi harusi. Fulana ya "hatutaki makaa" bado waivaa, nimekuona nayo jana kwa kinyozi.

Kijana wa Mkomani: Ile fulana ni ya kaka yangu.

Mwenye uzi: Jamani. Mada. Mbele ya mama wa maandazi.

Malindi Kwetu: Yale maandazi yalikuwa ya iliki? Maana Lamu siku hizi mwaweka sukari tupu mwaita maandazi.

Kofia Sita: Sukari tupu ni halua yenu ya Malindi, yashikana meno mpaka Ijumaa ya pili.

Malindi Kwetu: Mtu ambaye hajala halua yetu asiseme!!

Dau la Babu: Bwana Kaa, hao kaa bado wazima? Nina wageni jioni.

Mwenye uzi: Stima imerudi saa tisa. Wazima, magando haya kama mkono wa mtoto. Kilo ngapi?

Dau la Babu: Tano. Na unipunguzie.

Punda wa Langoni: Na mimi mbili.

Mwenye uzi: Njooni kabla ya magharibi, haijulikani itazima saa ngapi.

Dau la Babu: Kaa hapo hapo, naja na ndoo.