Paladini wangu anaingia levo 6 Jumamosi: nichanganye na woloki, sosera au mpiganaji?

Panga_la_Sakina
Wakuu habari za jioni. Nina paladini (shujaa wa kiapo, mwenye uchawi kidogo) levo 5 kwenye D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu), Jumamosi DM (mwendesha mchezo) anatupandisha levo 6. Nimechoka kuwa mtu wa kupiga na kusubiri zamu, nataka kuchanganya klasi, yaani levo zinazofuata nizichukue kwenye aina nyingine ya mhusika. Nimebaki na tatu: woloki (anayepewa uchawi na bwana wake) wa tawi la Heksbledi, sosera (aliyezaliwa na uchawi), au mpiganaji. Ipi inalipa? Karatasi ya mhusika natakiwa kuituma Ijumaa, kwa hiyo naomba msinizungushe. Natanguliza shukrani.

BintiKariakoo
Mkuu umeulizia kiatu bila kutaja saizi ya mguu. Namba zako (Nguvu, Karisma na nyinginezo) zikoje? Unashika silaha gani? Kiapo gani? Mnatumia kitabu cha kanuni cha 2014 au cha 2024? Kampeni inaishia levo ngapi? Na DM ameruhusu? Maana kwenye cha 2014 kuchanganya klasi ni kanuni ya hiari, DM akikataa uzi mzima tunapoteza bando.

msee_wa_d20
Woloki. Funga uzi.

BintiKariakoo
@msee_wa_d20 hujui hata anashika nini mkononi.

msee_wa_d20
Sihitaji kujua. Nafasi za uchawi za woloki (mara anazoweza kurusha uchawi) hurudi kwa mapumziko mafupi, saa 1 tu mnakaa chini mnakula mkate. Paladini anazichoma kwenye smaiti, lile pigo linaloongezewa maumivu kwa uchawi. Levo mbili za woloki ni smaiti mbili za dadu 2 za pande 8, halafu unapumzika, unazipata tena. Paladini mwenyewe anangoja alale usiku mzima ndio zake zirudi. Buda, hiyo ni hesabu ya duka la mtaa.

Nahodha_Faza
Hesabu nzuri kama DM anawapumzisha. Meza yetu tumepata mapumziko mafupi mara mbili tangu Ramadhani. DM wetu kila tukikaa anatuma majoka. Woloki wetu ana nafasi zake mbili, akishazimaliza anatumia ule mwale wake tu mpaka usiku unaingia. Muulize kwanza DM anapumzisha watu mara ngapi kwa siku.

Panga_la_Sakina
Asanteni. DM ameruhusu. Kitabu cha 2014. Silaha ni upanga mkubwa wa mikono miwili, kiapo ni cha Kisasi. Tuko wanne: mimi, kasisi, mwizi na malenga. Kampeni sijui inaishia wapi, DM anasema "tutaona".

BintiKariakoo
Namba, mkuu. Namba.

Ila kwa ulichoandika tayari kuna tatizo. Heksbledi anakuruhusu kupiga kwa Karisma badala ya Nguvu, lakini silaha isiwe ya mikono miwili. Upanga wako mkubwa hauingii mpaka ufike levo 3 za woloki uchukue agano la upanga. Yaani ufike levo 8 kwa jumla ndio uanze kufaidi kilichokupeleka huko. Kwenye kitabu cha 2024 agano hilo unalipata levo 1 ya woloki na upanga wa mikono miwili unakubali, ila wewe hauko huko.

msee_wa_d20
Na huko 2024 smaiti wameiharibu. Imekuwa uchawi unaotumia tendo la nyongeza, kwa hiyo mara moja kwa zamu basi. Afadhali abaki 2014.

Nahodha_Faza
Hawakuiharibu, waliifunga breki. Nimekaa meza moja na paladini aliyemaliza bosi kwenye zamu ya kwanza, sisi wengine watatu tukabaki kumpigia makofi. Saa nne za kujiandaa, dakika mbili za vita. Ukiwa wewe ndiye paladini ni raha, ukiwa jirani yake unaanza kuangalia simu.

msee_wa_d20
Sasa hapo lawama ni ya DM aliyeweka bosi mmoja peke yake uwanjani.

Nahodha_Faza
Bosi alikuwa na walinzi sita. Alipitwa tu.

Mkaazi_wa_Ruwi
Mimi niko Muscat, nimewasoma kimya, lakini hapo kwenye kupiga makofi nimecheka. Sosera ndio jibu. Nafasi za uchawi za paladini na sosera zinajumlishwa kwenye jedwali moja, na paladini anahesabiwa nusu ya levo zake. Sikilizeni vizuri lakini: nusu inashushwa. Paladini 5 anahesabiwa 2. Akiongeza sosera 1 anapata 3, yaani nafasi nne za ngazi ya kwanza na mbili za ngazi ya pili, ambazo paladini 5 anazo tayari. Kwenye nafasi hujaongeza hata moja. Akingoja paladini 6 ndio akachukua sosera 1, inakuwa 4, anaongeza nafasi ya tatu ya ngazi ya pili. Kwa hiyo asiondoke kwenye paladini akiwa levo witiri.

BintiKariakoo
Hapo nakubaliana na wewe ndugu yangu. Tena levo 6 ya paladini ndiyo yenye aura: wewe na wenzako walio ndani ya futi 10 mnaongeza Karisma yako kwenye kila jaribio la kujinusuru. Kuikimbia levo hiyo ukiwa umebakiza hatua moja ni kama kushuka daladala kituo kimoja kabla ya nyumbani.

MzeeDadu
Vijana, mimi nasema abaki paladini mpaka mwisho. Sisemi kwa nadharia.

Nilikuwa na mhusika, mpiganaji 2, mwizi 2, wizadi (msomi wa uchawi) 1. Kila nilipopanda levo niliona kitu kitamu upande wa pili. Mpiganaji 2 anakupa kufanya tendo la pili kwenye zamu yako, nikachukua. Mwizi 2 anakupa kukimbia na kujificha kama tendo la nyongeza, nikachukua. Halafu nikasema na uchawi kidogo. Nilikuwa kama mtu aliyealikwa harusi tatu siku moja, kote nimeonja pilau, hakuna nilikokaa nikashiba.

Tukafika levo 5. Wizadi wetu kafungua mpira wa moto, dadu 8 za pande 6. Shujaa wa shoka anapiga mara mbili. Hata nyongeza ya namba ambayo wenzangu waliipata levo 4 mimi sikuipata, kwa sababu ile inahesabu levo za klasi moja, na mimi hakuna klasi niliyofika 4. Nilipiga mara moja, dadu ya pande 8 na 3 juu.

Ikaja siku ya daraja. Daraja likakatika, wenzangu wote upande ule, mimi upande huu na troli. Troli anajiponya 10 kila zamu yake mpaka umpige kwa moto au asidi. Mimi nampiga 7, anajiponya 10. Nampiga 9, anajiponya 10. Tendo la pili nilishalichoma chumba cha nyuma kwa mifupa inayotembea. Wenzangu wananipigia kelele, "Mchome! Si una uchawi?" Nikaangalia karatasi. Uchawi mdogo mitatu: mwanga, mkono wa kichawi, na kumnong'oneza mtu aliye mbali. Nikamnong'oneza kasisi kwamba nakufa. Huo ndio uchawi wangu wa mwisho.

Nilipoanguka nikarusha dadu ya kujinusuru na kifo, ikatoka 1. Moja inahesabiwa makosa mawili. Zamu iliyofuata ikatoka 6. Umeme nao ukakatika mtaani, nikamalizia kufa kwa mwanga wa simu.

msee_wa_d20
Pole mzee, lakini hiyo si kesi dhidi ya kuchanganya klasi. Ni kesi dhidi ya kutochukua moto. Ungechukua mshale wa moto badala ya mkono wa kichawi ungekuwa hai.

MzeeDadu
Mkono wa kichawi ulifungua milango mingi.

Mkaazi_wa_Ruwi
Mimi nina swali la pembeni. Nyinyi mnaandika woloki, sosera, wizadi, kama dawa za duka la famasi. Mezani kwenu mnawaitaje kwa Kiswahili? Sisi malenga tumempata bila shida, mtawa, kasisi, sawa. Hawa watatu wametushinda.

Nahodha_Faza
Wote wachawi, yakhe.

BintiKariakoo
Hapana! Mchawi kwetu ni mtu anayeruka na ungo usiku kwenda kumla jirani. Wizadi ni msomi, anakaa na kitabu chake anahifadhi. Huwezi kumwita mchawi mbele ya bibi yangu halafu useme ni mtu mwema wa kundi. Muite mwanazuoni.

Mkaazi_wa_Ruwi
Na sosera ni mtu aliyezaliwa nao, damu ya joka kwa mfano. Basi yule tunasema "ana kitu".

Nahodha_Faza
Na woloki ni mfuga jini. Hapo pwani nzima itakuelewa bila maelezo.

MzeeDadu
Woloki hafugi jini. Jini ndiye anayemfuga.

Mkaazi_wa_Ruwi
Mzee kamaliza. Na wala si mzaha, kuna kitabu cha nyongeza cha 2020 ambacho jini ni mmoja wa mabwana wa woloki kabisa, na woloki anapewa chombo cha kuingia ndani yake kupumzika, kama chupa au taa. Niliposoma nilimwita mke wangu aone. Akasema hicho hakijaandikwa na Wamarekani, kimeandikwa na mtu wa Pemba.

BintiKariakoo
Sasa hapo ndipo ninapopata shida na paladini wa Kisasi kuingia kwa jini. Aliapa mbele ya nani? Nani atamkumbusha ahadi yake ya kwanza?

msee_wa_d20
Hiyo ndiyo hadithi yenyewe sasa! Adui yake amemshinda, kiapo hakikutosha, usiku mmoja kitu kinamuita kutoka kwenye upanga. Mimi DM akiniletea hiyo namchinjia mbuzi.

Nahodha_Faza
Wewe hata akitaka kufungua duka la viatu utamwambia achukue woloki.

Panga_la_Sakina
Samahani wakuu nilikuwa kazini, nimekuta mmeshafika Pemba. Namba ni hizi, tulirusha dadu hatukugawa pointi: Nguvu 17, Wepesi 10, Ustahimilivu 16, Akili 8, Busara 11, Karisma 12. Levo 4 sikuongeza namba, nilichukua ule ujuzi wa kutoa 5 kwenye kulenga ili kuongeza 10 kwenye maumivu. Unaenda vizuri sana na kiapo cha Kisasi, narusha dadu mbili nachukua kubwa.

BintiKariakoo
Karisma ngapi?

Panga_la_Sakina
12.

BintiKariakoo
Jamani.

Mkuu, huwezi kuchanganya chochote. Woloki anataka Karisma 13, sosera vilevile.

Panga_la_Sakina
Basi mpiganaji. Yule anataka Nguvu 13 au Wepesi 13, Nguvu ninayo ya kumwaga.

BintiKariakoo
Sharti ni la klasi unayoingia na la klasi unayotoka. Paladini anataka Nguvu 13 na Karisma 13 ndipo akuachie. Kuanza kama paladini hukuulizwa, ila mlango wa kutokea una mlinzi.

MzeeDadu
😂😂 Ametuzungusha siku mbili.

Mkaazi_wa_Ruwi
Na ile aura tuliyomsifia, kwa Karisma 12 ni +1.

BintiKariakoo
+1 kwa watu wanne kila jaribio si haba. Lakini ndiyo, ni +1.

Panga_la_Sakina
Hiyo kanuni imeandikwa wapi? DM alisema tu "ruksa".

Mkaazi_wa_Ruwi
Kanuni za msingi za 2014 ziko bure mtandaoni, tangu Januari 2023 zimewekwa chini ya leseni ya Creative Commons. Sehemu ya kuchanganya klasi imo na jedwali la masharti limo. Heksbledi ndiye hutamkuta humo.

msee_wa_d20
DM anaweza kusamehe pointi moja. Ni mchezo, si KRA.

Nahodha_Faza
Akisamehe, mwizi naye atataka asamehewe lake. Halafu malenga. Mimi ningemwambia angoje levo 8 aongeze Karisma, kisha levo 9 aamue.

MzeeDadu
Levo 8 kwa kasi ya meza nyingi ni mwakani. Kaa paladini, mwanangu. Una mashambulio mawili, una farasi wa kuita, una upanga unaoongeza 10. Umechoka kupiga na kusubiri zamu? Kila klasi inasubiri zamu.

msee_wa_d20
Au afe kishujaa Jumamosi alete woloki mpya.

BintiKariakoo
Hilo usimwambie mtu, atalifanya kweli.

Panga_la_Sakina
Nimeongea na DM. Amesema hakujua hiyo ya kutoka, atafikiria, labda anipe kazi ndani ya hadithi ya kuipata hiyo pointi moja. Lakini Jumamosi yenyewe imeahirishwa, kasisi ana kipaimara cha mtoto wa dada yake. Kwa hiyo nina wiki nyingine. @msee_wa_d20 huyo anayemuita kutoka kwenye upanga, ulikuwa unafikiria nani hasa?

msee_wa_d20
Njoo PM. Nina kurasa tatu.

mgeni_wa_meza
Shikamooni wakubwa. Mimi ndio naanza, naomba kuuliza, mtawa anaruhusiwa kuvaa deraya?

Nahodha_Faza
Marahaba. Akivaa anapoteza karibu kila kilichomfanya awe mtawa. Fungua uzi wako, na namba uziweke mwanzoni.