Krismasi nyumbani na watoto wadogo, wakwe na ndugu: mnapangaje siku?

MamaWawili
Habari zenu jamani. Mwaka huu zamu ya kupokea ukoo ni yetu. Wanakuja wakwe zangu, mama yangu mzazi, mashemeji na watoto wao, na wengine watalala hapa. Mimi nina wa miaka minne, na wa miezi tisa anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni. Natamani wanangu wawazoee babu na bibi zao, na wajue tunasherehekea kuzaliwa kwa Yesu, si kufungua maboksi tu. Shida ni kwamba mdogo akikosa usingizi wa mchana, ni kilio hadi usiku, na kila mgeni atataka kumbeba. Nimwambieje mama mkwe bila kumvunjia heshima? Na zawadi zifunguliwe lini?

BibiMwenyeWajukuu
Mwanangu, usimwambie wewe. Mumeo ampigie mama yake kabla hawajafika, na amkabidhi kazi kabisa: "Mama, mchana tunaomba wewe ndiye umlaze." Bibi aliyekabidhiwa mtoto hamruhusu mtu kupiga kelele mlangoni, nakuhakikishia. Chakula kipishane na usingizi. Akilala saa saba, kuleni saa sita au msubiri saa tisa. Watu wazima wanaweza kuvumilia njaa kidogo, mtoto hawezi kuvumilia usingizi.

Huyo wa miaka minne mpe pango la Krismasi alisimamie, yaani mfano wa mahali Yesu alipozaliwa. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitengeneza pango kama hilo kule Greccio, Italia, Krismasi ya 1223: aliweka hori lenye nyasi kavu, ng'ombe na punda wa kweli, ili watu waone kwa macho Bwana alizaliwa katika hali gani. Sisi hutumia boksi la viatu na wanasesere wa kitambaa. Hori hukaa tupu hadi usiku wa tarehe 24, ndipo mtoto mdogo kuliko wote anayeweza kutembea anamlaza Yesu. Mjukuu wangu mmoja alimfunika kwa soksi aliyoivua mguuni, akatuamuru sote tunong'one, hata babu yake. Kisha babu husoma Luka 2, mstari wa 1 hadi wa 20, polepole, watoto wakiwashika wachungaji mikononi. Mamajusi hawamo kwenye Luka, wako kwa Mathayo, kwa hiyo wetu huanzia mbali, pale dirishani, na watoto huwasogeza kidogo kidogo hadi 6 Januari, sikukuu ya Epifania. Hiyo inawapa kitu cha kungojea wageni wakishaondoka.

Zawadi, mmoja afungue wengine wakitazama, na aliyetoa awepo. Zikizidi, nyingine zibaki kesho. Wakifungua zote kwa pamoja hawajui hata nani kawapa nini.

BabaMapacha
Naongeza la usalama, maana mna anayetambaa. Kagueni zawadi na mapambo yenye betri zile ndogo bapa za duara: kadi zinazoimba, mishumaa ya bandia, rimoti. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa mbili. Ukishuku tu, nenda hospitali papo hapo, usisubiri dalili. Vipande vya puto lililopasuka viokotwe mara moja. Karanga nzima zisiwe mezani wanapofika walio chini ya miaka 5, na asali asipewe wa chini ya mwaka mmoja, hata ya kuonja. Waambie na mashemeji, maana wao ndio huonjesha.

ShangaziYao
Mwenye mafua asimbusu mdogo, hata akiwa mimi shangazi. Na yule mkubwa akimwonea haya babu, asisukumwe kukumbatia. Aamkie, inatosha. Akizoea atakwenda mwenyewe.

MamaWawili
Asanteni sana, Mungu awabariki. Mume wangu anampigia mama yake jioni hii, na boksi la viatu nimeshalipata. BabaMapacha, kadi inayoimba ipo hapa mezani, tulikuwa tumpe huyo mdogo. Naitoa sasa hivi.